Hatumdai Mtu

Mabibo, Dar es Salaam
12 Mei 2024

Wifi Marietha,

Shikamoo. Na mama mfikishie shikamoo yangu, umshike na miguu kama ninavyofanyaga nikifika. Sie huku hatujambo. Jeni amerudi shule, Hisabati amefanya vizuri na Kiingereza vibaya, baba yake angecheka. Mvua iliingia mpaka ndani ya soko na ndizi zangu zikaogelea, ila wateja hawakunikimbia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu siku ya arobaini ya Albano ulisema nisikupigie. Ulisema simu inakufanya useme usiyotaka kusema. Jana nilikwenda Mbagala kumuulizia yule kondakta wa basi la Newala aliyekuwaga anakubebea barua za Albano. Alinipa pole, kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa ni wewe?" Nikamwambia ndiyo, sasa ni mie.

Nilikuwaga namwona akikuandikia. Anakaa juu ya ndoo yenye mfuniko, kibao cha kukatia mboga magotini, mkono mmoja umezuia karatasi nisione. Nikimuuliza anaandika nini, anasema, "Haya ya kwetu." Mie hakuwahi kuniandikia hata mstari. Alisema mtu unayelala naye chumba kimoja utamwandikiaje. Nilikubali. Ila bahasha zile nilikuwa naziangalia sana.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua kwamba yule dereva wa lori la mchanga alikiri mahakamani kuwa alirudi nyuma kule Mbezi Beach bila utingo wa kumwongoza, wakati Albano ameinama anapima fremu ya mlango wa ile nyumba inayojengwa. Alipigwa faini, akalipa, akatoka kwa mlango uleule niliotokea mie. Watu wakanipa mkono, wakasema haki imepatikana. Nikarudi sokoni nikijua yameisha.

Kumbe hayajaanza. Nina mteja, binti anayesoma sheria, anakaa hosteli za hapa Mabibo. Nilikuwa namchagulia ndizi huku namsimulia, akashika mkono wangu. Alisema ile faini ni ya serikali, ni adhabu ya kosa la barabarani. Lakini uhai wa Albano, na jinsi alivyokuwa akitulisha, hilo ni dai jingine. Linafunguliwa dhidi ya dereva na mwenye lori, na bima ya lori nayo inahusika. Hakuna aliyelifungua. Na lina muda wake, ukipita mlango umefungwa.

Hatua ya kwanza ni msimamizi wa mirathi, na mahakama inataka muhtasari wa kikao cha ukoo. Ukoo wake uko kwenu. Namwomba mjomba Gervas aite kikao, na wewe uwemo. Naomba wanikubali mie.

Jeni anauliza kama kaburi la baba limeota majani. Ungemjibu wewe, maana wewe unalipita kila siku na mie silioni.

Mimi wifi yako,
Adelina


Newala
30 Juni 2024

Mama Jeni,

Marahaba. Mama hajambo, ila goti halimwachi. Tuko kwenye kupuliza salfa kwenye mikorosho, nguo zinanuka, ugali unanuka, hata karatasi hii utaisikia. Barua yako ilifika siku nyingi. Sikuwa mgonjwa.

Una mwandiko mkubwa. Alba alikuwa na mwandiko mdogo wa kukaza macho. Nilikuwa nikimsomea mama barazani, na yeye alitaka nirudie pale pa salamu. Hii yako nilimsomea pia, salamu tu.

Kikao kimekaa. Mjomba aliuliza nani asimamie. Nikasema asimamie mtu wa tumbo moja na marehemu, maana mke leo yupo na kesho anaolewa. Sikusema kwa ubaya, ndivyo dunia ilivyo. Sikuwa hata nimemaliza, mama akasema, "Adelina," akaomba wino. Akatia dole gumba na hakunitazama. Mimi ndiye niliyemshikia karatasi isipeperuke. Muhtasari huu hapa, tumesaini wote, na mimi nimo.

Umepata ulichotaka. Na mimi nataka kitu kimoja tu. Siku ya msiba sikuuliza, watu walikuwa wengi. Asubuhi ile aliondokaje? Alikula nini? Alisema nini? Mimi nililetewa jeneza limefungwa misumari. Wewe ulikuwa na asubuhi nzima.

Mwambie Jeni majani hayajaota. Nayang'oa mimi.

Marietha


Mabibo
25 Agosti 2024

Wifi Marietha,

Shikamoo. Muhtasari ulifika, nashukuru, na harufu ya salfa ilikaa chumbani mpaka Jeni akasema shangazi amekuja kutembea. Goti la mama libandikeni majani ya moto mpaka nitume dawa. Mahakama ya mwanzo ilibandika tangazo, hakuna aliyepinga, wakanipa usimamizi. Nilipotoka na ile karatasi nilitaka kumwonyesha mtu, na niliyetaka kumwonyesha ndiye hayupo.

Wifi, nilikaribia kuibiwa. Nje ya mahakama kuna mtu mtanashati anaitwa Badru, tai shingoni, begi la ngozi. Alianza kuniita mama yangu kabla hajajua jina langu. Alisema fidia ya mtu aliyegongwa ni kazi ya wiki chache, nimpe cheti cha kifo na cha ndoa, vile halisi, pamoja na hela ya kuanzia. Nikamuuliza ofisi yake iko wapi. "Mama yangu," akasema, "wakili mzuri hakai ofisini." Nikacheka naye. Nilitamani kumwamini. Mtu akikwambia jambo zito ni jepesi, unampenda palepale.

Ila nilikumbuka Albano alivyokuwa akinunua gogo la mpingo. Haangalii ukubwa. Anachanja kidogo ncha yake aone kama moyo wa mti una ufa. Nikaingia masjala nikauliza kama jina la Badru limo kwenye orodha ya mawakili. Yule mama wa masjala hakugusa hata kompyuta. Alisema huyo ni kishoka, hajawahi kuwa wakili, amewauzia watu maneno pale nje mpaka anamsalimia kila askari kwa jina. Nilipotoka, Badru alinipungia mkono, akauliza, "Wamekwambia nini wanoko hao?"

Wachongaji wenzake Albano pale Mwenge ndio walionipeleka kwa wakili Shaista, binti wa mzee Taiyeb aliyekuwa akinunua fremu za picha kwa Albano. Ana ofisi, ana bango, na jina lake kwenye orodha limo. Alinieleza ada yake kabla hatujaanza, akaiandika, tukasaini. Halafu akaniuliza mambo ambayo sikuyategemea. Mama anakula kwa mkono wa nani. Shule ya Jeni nani alilipa. Albano alikuwa mzima au wa kuumwaumwa. Alikuwa na kazi ngapi mbele yake. Ni kama kupimiwa nguo ya mtu ambaye hayupo.

Akasema wanaodai ni wale waliokuwa wakimtegemea. Mke, mtoto, mama. Nikakutaja na wewe. Akauliza, dada ana mume? Ana shamba lake? Marehemu alikuwa akimtunza? Nikasema hapana, yeye ndiye aliyemtunza marehemu. Akaweka kalamu chini. Akasema dai hili linahesabu waliolishwa na marehemu, halihesabu waliomlisha.

Nimeona nikwambie mwenyewe, usije ukalisikia kwa mwingine.

Asubuhi ile aliondoka salama. Alikunywa chai. Nitakuandikia zaidi siku nyingine, karatasi imeisha.

Adelina


Newala
6 Oktoba 2024

Mama Jeni,

Marahaba. Mama anatembea mpaka kisimani na kurudi. Korosho zimeanza kudondoka, watoto hawaendi shule, wanaokota.

Karatasi haikuisha. Nyuma ni peupe.

Mwambie wakili wako kwamba Alba alipougua surua nilimbeba mgongoni kwenda zahanati, nikambeba na kurudi, na mimi nilikuwa mtoto. Mwambie kisu cha kwanza alichokishika nilimpa mimi, akachonga vijiti vya mihogo mpaka baba akadhani panya wameingia shambani. Mwambie niliacha shule darasa la tano ili daftari ziwe zake. Ni kweli hakunilisha. Alikuwa akinitumia khanga kila Krismasi, tena kila mwaka rangi ya chungwa, rangi nisiyoipenda, na zote nimeshazichakaza kwa kusombea korosho.

Endeleeni na dai lenu. Mama yumo, akitakiwa kutia dole nitampeleka, sitamzuia haki yake. Mimi niacheni. Sheria hainijui, na mimi siijui.

Swali langu ulilisoma.

Marietha


Mabibo
19 Januari 2025

Wifi Marietha,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Tulikula Krismasi kwa jirani yetu Asifiwe, alitupikia wali wa nazi na hakutuacha tuoshe hata sahani. Jeni ameingia kidato cha kwanza. Ameanza kuchonga, anatumia mabaki ya mninga yaliyobaki chini ya kitanda. Ametoa kitu, anasema ni kobe. Nimesema ndiyo, ni kobe.

Wifi, naomba usome hii ukiwa umekaa.

Kesi ilifunguliwa mahakama ya wilaya, kampuni yenye lori ikaleta utetezi. Hawabishi kwamba lori lilimgonga. Wanasema familia ilishamaliza nao. Unamkumbuka yule mtu wao aliyekuja mpaka Newala, akaleta gari la kubebea jeneza na magunia ya mchele? Tulimwona muungwana, tukamkalisha mkekani pamoja na wazee. Pale kaburini alikuwa ameinua simu. Nilidhani anapiga picha za maua. Kumbe alikuwa anarekodi.

Unakumbuka ilivyokuwa. Padri alimaliza, mjomba Gervas akatangaza lile tangazo la kila msiba, anayemdai marehemu au anayedaiwa naye aione familia. Kisha akaja nyuma nilikokaa na wanawake, akanigusa bega, akaninong'oneza nisimame niseme neno la mwisho kwa mume wangu. Nilikuwa nalo. Nililitunga njia nzima, tangu Mbagala. Nikawa najifunga khanga ili nisimame. Wewe ukawa umeshasimama. Umechukua kipaza sauti, ukasema, "Mimi ndiye dada yake. Kwa niaba ya familia nzima, hatumdai mtu. Sio mwenye gari, sio yeyote. Tumemwachia Mungu." Watu wakasema amina. Mie nikakaa.

Hayo ndiyo waliyoyapeleka mahakamani.

Wakili Shaista aliisikiliza mara nyingi. Akauliza huyu mama aliagizwa na nani aseme. Nikasema hakuna. Akauliza kama wakati ule mie au mama tulikuruhusu. Nikasema mie nilikuwa najifunga khanga, na mama alikuwa haoni wala hasikii. Akasema basi kuna njia. Mtu hawezi kusamehe dai ambalo si lake. Lakini maneno hayo yana sauti yako, kwa hiyo mwenye sauti aje ayaeleze mwenyewe. Ukisema ulisema kama dada tu, bila kutumwa na wenye dai, dai linasimama. Usipokuja, wataicheza ile simu na hakuna wa kujibu. Shaista anasema tunaweza kulipoteza lote, la Jeni na la mama pia.

Siulizi kwa nini ulisimama. Naomba tu uje.

Adelina


Mabibo
9 Machi 2025

Wifi,

Shikamoo. Sijapata jibu, kondakta anasema barua ulipokea kwa mkono wako.

Juzi mwaka umetimia. Tulisomesha misa hapa parokiani. Wachongaji walikuja na aproni zao za kazi, vumbi jeusi la mpingo begani, wakapiga magoti kama walivyo. Harufu ile ilinishinda. Mashati yake niliyafua yote baada ya msiba, watu waliniambia ni vizuri kufua, na sasa hakuna hata moja linalonukia kazi. Nilimwonea wivu mwanamke aliyekuja na mume wake, wifi. Kanisani, mbele ya altare.

Ushahidi utasikilizwa Julai. Nauli nitatuma kwa kondakta.

Adelina


Newala
27 Aprili 2025

Adelina,

Marahaba zote ulizonidai. Mama hajambo. Mvua zimekata mapema.

Barua zako mbili ziko kwenye mkebe wa chai. Nazitoa, nazisoma, nazirudisha. Mume wangu amesema kama ni za mwanaume nimwambie.

Unataka nipande basi nije nisimame mbele ya watu wa Dar na suti zao, niseme mimi kwa Alba si mtu. Ndilo unaloniomba, hata ukilizungusha. Wewe umepewa karatasi ya usimamizi. Mama ana fungu. Jeni ana fungu. Hata yule dereva yumo kwenye hiyo kesi, jina lake limeandikwa. Mimi kazi yangu ni kuja kusema simo. Na huyo wakili wako amefurahi, kwamba afadhali huyu mama hana haki yoyote, itatusaidia.

Unasema huulizi kwa nini nilisimama. Usiulize. Halikuhusu, wala halimhusu wakili.

Mjomba alikugusa bega. Niliona.

Nauli yako nimeirudisha kwa kondakta, mdai. Sijasema nakuja. Nikija sitalala kwako, nina binamu Mbagala.

Na hujajibu bado.

Marietha


Mabibo
16 Novemba 2025

Wifi yangu Marietha,

Shikamoo. Mama nimemtumia dawa ya goti kwenye mfuko mweusi, ya kupaka si ya kunywa, mwambie kwa sauti. Jeni anakusalimu. Amenipita urefu, anatumia viatu vyangu bila kuomba. Nimehama meza pale sokoni, sasa niko upande usioingia maji.

Siku ile ya Julai ulipokuja mahakamani nilipika. Nilipika wali na samaki wa kukaanga, nikanunua na soda. Nilijua umesema hutalala kwangu, nikapika. Ulipomaliza ulipita nyuma ya ukuta wa mahakama, nilipotoka nilikuta umeshachukua bajaji. Tulikula na Asifiwe.

Sikupata nafasi ya kukwambia nilichokiona. Umeingia umejitanda khanga ya chungwa. Ilikuwa mpya, ina mikunjo ya sandukuni. Nilikaa nikaiangalia ile mikunjo. Wifi, zile khanga alikuwa ananituma mie nikanunue. Aliniambia dada anapenda bluu. Aliniambia kila mwaka.

Yule wakili wa kampuni alikuchezea ile simu mbele ya watu wote. Nilijua utainamisha kichwa. Hukuinamisha. Akakuuliza kama sauti ni yako. Ukasema, "Ni yangu." Akauliza si ulisema kwa niaba ya familia nzima. Ukasema, "Nilisema." Akatabasamu, akamgeukia hakimu kama mtu aliyemaliza. Hakimu ndiye aliyekuuliza nani alikutuma.

Ukasema, "Hakuna. Mjomba alimpa mke wa Alba neno, mimi nikalichukua. Mimi kwa huyu marehemu ni dada tu. Hakuwa akinilisha. Sina cha kumsamehe mtu."

Nilitaka kusimama niseme si kweli. Kwa sheria ni kweli, na ndiyo iliyotuokoa, lakini nilitaka kusimama. Shaista alinishika mkono.

Wiki iliyopita hakimu amesoma hukumu. Amesema maneno ya kaburini yalikuwa ya mtu mwenye uchungu, hayakutoka kwa wenye dai, hivyo hayakulifuta. Dereva na kampuni wamebebeshwa kosa, na bima italipa. Fungu la mama limeandikwa kwa jina lake, na wewe utakwenda naye benki. La Jeni linatunzwa mpaka awe mtu mzima. Kampuni inaweza kukata rufaa, ila wakili wao amemwambia Shaista hawatakata. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Badru yuleyule alinikuta pale akasema, "Si nilikwambia mama yangu ni kazi nyepesi?"

Sasa swali lako.

Aliamka kabla yangu. Alikula kiporo cha wali na maharage, amesimama, sahani mkononi, maana alikuwa na haraka ya kuwahi Mbezi Beach. Chai aliinywa nusu, nyingine akamwachia Jeni. Alitafuta futi yake ya kupimia kila mahali, akamlaumu Jeni, kisha akaikuta mfukoni mwake, akacheka peke yake. Akatoka. Mie nilikuwa nafagia. Nikasikia viatu vinarudi, akasimama mlangoni, mkono juu kwenye fremu kama kawaida yake. Nilidhani amerudi kuniaga.

Akasema, "Jioni nikumbushe nimwandikie dada."

Akaenda.

Hilo ndilo, wifi. Hakutaja jina langu. Neno la mwisho alilosema nyumbani kwangu lilikuwa wewe. Kila ulipouliza niliona unakuja kuchukua na hilo, wakati kaburi unalo, barua zake unazo, utoto wake wote unao. Nikakupa chai tu.

Jioni hakurudi, sikuwa na wa kumkumbusha. Ndiyo maana niliandika. Ile barua ya kwanza kabisa, hata kabla sijafika kwenye habari ya kesi, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo yake, kibao cha mboga magotini.

Adelina


Newala
20 Desemba 2025

Wifi Adelina,

Marahaba, mwanangu, na salamu za Jeni nimezipokea. Mama anapaka dawa, kwanza alitaka kuinywa.

Barua ya Alba imefika, kwa mkono wako. Nilimsomea mama yote, si salamu peke yake. Pale pa mlangoni aliniambia nirudie. Nilirudia. Kisha alitaka kujua kama maharage yalikuwa na nazi. Nimesema nitakuuliza.

Nilipita nyuma ya ukuta kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka unione. Habari ya wali na samaki niliipata kwa jirani yako Asifiwe, aliniandikia kwa kondakta yuleyule, yeye hana siri.

Khanga ya mwaka huu iwe ya bluu.

Kaburi tumelijengea. Fundi amemaliza sakafu na kibao, ameandika jina lake na tarehe. Akauliza chini yake kiandikwe nini. Mama akanitazama, mjomba naye akanitazama. Zamani ningekuwa nimeshajibu. Nimemwambia fundi aache nafasi.

Siku ile ulikuwa na neno, ulilitunga njia nzima, na mimi sikukuacha ulitoe. Usiliandike kwenye barua. Lilete mwenyewe, na Jeni, mtalala kwangu. Umwambie fundi kwa mdomo wako, mimi nitakaa nyuma na wanawake.

Dada yenu,
Marietha